Barua Zisizo na Mapigo

Kila siku ya kazi, saa tatu na nusu asubuhi, sisi watano wa kampuni ya Tarishi tunaacha kila tunachofanya na kuandika upuuzi. Tumeifanya kazi hiyo kwa miaka tisa. Kila mmoja anaandika barua ishirini za bila jina na kuziweka kwenye trei yake. Ambokile, mkuu wetu, huitukana timu yake ya mpira. Mimi humwandikia mwenye nyumba wangu mambo ambayo sina ubavu wa kumwambia usoni. Hakuna anayezisoma. Zinafungwa kwa kufuli, zinakwenda kwenye masanduku matupu tuliyoyatengeneza wenyewe, na huko zinafutwa. Sisi tunauita mchango.

Mgeni akitukuta hudhani tumerukwa na akili, na simlaumu. Lakini kule kona ya chumba, nyuma ya mlango usiofungika vizuri, kuna mashine tunayoiita Chungu, na Chungu hakiishi bila mchango. Mtu akibonyeza kitufe cha "Tuma bila jina" katika programu yetu ya barua pepe, barua yake huja humo. Chungu huifuta jina, huifuta mapigo ya moyo, huikata iwe na ukubwa sawa na nyingine zote, kisha huishikilia. Ikifika saa nne kamili, hukoroga zote zilizomo na kuzimwaga kila moja iendako. Hakiandiki kumbukumbu yoyote. Ila mashine haiwezi kuumba watu. Barua moja ikiingia na moja ikatoka, hata mbuzi atajua ni ya nani. Siku hizi barua za kweli ni mbili au tatu kwa siku, basi zile mia zetu za upuuzi ndizo blanketi lao.

Trei zote tano nazimwaga mimi, saa nne kasorobo, kwa kubonyeza mara moja. Mimi ndiye mlezi. Kwetu kila kipande cha programu kina mlezi mmoja mwenye jina lake, na kipande kikikosa mlezi kinakatwa, hata kama kilikuwa kizuri namna gani. Nimekilea kitufe kile tangu nilipoajiriwa, na kwa hasira yangu ninavyojijua, nadhani nimekilea vizuri kuliko ninavyolea vitu vingine.

Jumatatu ile Ambokile alikuja na barua ya Shirikisho la Posta za Mtandao, akaisoma amesimama. Kuanzia tarehe mosi Julai, programu yoyote yenye njia ya kutuma barua bila Muhuri itahesabiwa kuwa barua zake zote hazina Muhuri, na hazitapokelewa popote. Watu elfu tisini wanatumia Tarishi. Wanaobonyeza kitufe changu hawafiki mia mbili.

Muhuri ulikuja miaka kumi na minne iliyopita, na sasa watoto wanadhani ulikuwapo tangu dunia kuumbwa. Ukiandika barua, kioo cha simu kinasoma mapigo ya moyo kwenye kidole chako, na mapigo hayo yanasafiri na barua yenyewe, mstari wa kijani juu ya salamu na namba pembeni. Mpokeaji anaangalia mstari kwanza, maneno baadaye. Matapeli walikwisha katika mwaka mmoja, hilo sikatai. Kwenye mabango waliandika "mficha uchi hazai", na watu wakakubali, wakaacha kuficha. Leo barua yenye utepe mweupe mahali pa mapigo inatazamwa kama mtu aliyeingia msibani amejifunika uso.

"Tuse, sikichukii kitufe chako," Ambokile aliniambia. "Nachukia kuwafungia mlango watu elfu tisini kwa ajili yake. Ijumaa tupige kura."

Nilimjibu vibaya, kama kawaida yangu, nikatoka kwenda kusimama kwenye baridi. Mbeya mwezi wa sita haina huruma. Nilizunguka jengo mara nne, nikirudi ndani natoka tena, na kila nilipojaribu kutunga hoja ya Ijumaa nilimwona mtu mmoja asiye na sura akibonyeza kitufe na kuambiwa hakipo.

Jumanne Lugano alikuja kuniona, na hoja zangu zote zikaharibika.

Lugano ni mdogo wangu wa mwisho. Mama alifariki Lugano akiwa na miaka mitatu, nikambeba mgongoni mpaka wenzangu wa shule wakaniita mama Lugano. Sasa ni makamu mkuu wa shule ya sekondari, mtu wa kwaya, mtu ambaye wazazi wanamsalimia barabarani kwa jina la heshima. Nilimjivunia kupita kiasi na wala sioni aibu kusema. Siku ile alikaa kwenye kiti changu, akaweka simu mezani, na macho yake yalikuwa mekundu.

Kwa wiki tano, kila Alhamisi baada ya saa nne, alikuwa anapokea barua yenye utepe mweupe. Alinionyesha mstari wa kwanza tu wa kila moja, akifunika chini kwa kiganja. "Najua unachokifanya." Zote tano zilianza hivyo hivyo. Alisema ni watu wa shuleni wanaoutaka ukuu wa shule, kwamba wameanza kumchafua, kwamba hapati usingizi. Nilimwomba anionyeshe zilizobaki. Alisema hataki dada yake asome matusi yale.

"Dada, mtu mwenye haki haogopi kuonyesha moyo wake," alisema. "Huyu anajificha kwenye mashine yako. Ya kwako wewe. Niambie tu ni nani, sitamfanya kitu."

Nilimweleza kwamba haiwezekani. Nilimweleza Chungu kinavyofanya kazi, mpaka kufikia mchango, na nilipofika hapo nilinyamaza, kwa sababu nilijua kwamba nimesema uongo na kwamba inawezekana. Naye ananijua. Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia utotoni nilipoficha sukari.

"Ijumaa," nilisema. "Nipe mpaka Ijumaa."

Siku mbili zile sikukaa mahali pamoja hata nusu saa. Nilianza kazi tatu na kuziacha. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilijiambia kwamba sitavunja kufuli, sitafungua barua ya mtu, sitaandika hata mstari mmoja wa programu. Nitasahau tu kubonyeza. Mtu akisahau kubonyeza, ana kosa gani? Na kama njia yangu imegeuka maficho ya watu wa kumtesa mdogo wangu, si bora niijue kabla sijaisimamia Ijumaa? Hoja zilikuwa nzuri sana. Kila nilipozirudia zilizidi kuwa nzuri, na hakuna hata moja niliyomwambia Ambokile.

Alhamisi saa tatu na nusu wenzangu waliandika upuuzi wao kama siku zote. Ambokile alicheka peke yake na kitu alichomwandikia golikipa. Trei zote tano zilijaa. Saa nne kasorobo nilishika kikombe cha chai kwa mikono miwili ili vidole visiwe na kazi nyingine, nikaitazama saa ikipita.

Kwenye kioo changu nilikuwa nimefungua chombo cha kawaida cha kuangalia waya, kile ambacho fundi yeyote anacho: kinaonyesha ni simu gani imeingiza kitu, na kitu kilichotoka kinakwenda wapi. Siku nyingine zote kingenionyesha mlolongo wa mia moja na ushee usio na maana. Siku ile ziliingia barua mbili na zikatoka mbili.

Moja ilitoka kwa simu nisiyoijua. Ya pili ilitoka kwa simu iliyokuwa yangu.

Nilidhani nimekosea mstari. Nikaisoma tena. Namba ya simu ile niliijua kwa kichwa kwa sababu niliitumia miaka sita, mpaka Krismasi ya mwaka juzi nilipoifuta simu yenyewe na kumpa Bupe, mke wa Lugano, baada ya yake kuanguka kwenye ndoo. Tulikuwa jikoni kwao tunamenya ndizi. Aliniuliza kitufe hiki ni cha nini, wifi, nikamweleza kwa majivuno huku nikitupa maganda, naye akasema aa, akaendelea kumenya. Kumbe alikuwa anasikiliza.

Katika barua mbili zilizotoka, moja ilikwenda kwa mkaguzi wa migodi. Nyingine ilikwenda kwa mdogo wangu. Mkaguzi hakuwa na uhusiano wowote na Bupe, maskini, lakini hata kama angekuwa nao, nilishajua. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na kwa dakika tano nzima nilimchukia Bupe kwa moyo wote. Nilijiuliza ni mke gani huyo. Nilichukua koti, nikaaga kwamba naumwa, jambo ambalo halikuwa uongo mkubwa.

Bupe anafanya kazi kwenye kitalu cha miche ya parachichi, upande wa Uyole. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anaunganisha miche: anakata shina la mche mdogo, anachomeka kikonyo cha mti mzuri, anafunga kwa utepe wa plastiki. Kazi ya vidole. Nikasimama mbele yake na maneno yangu makali tayari, na ndipo nikaona jambo nililokuwa nimeliona mara nyingi bila kuliona. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikukunjika. Alikuwa anafunga utepe kwa meno. Mwaka jana alituambia ni mlango wa gari.

Hakuniuliza nimejuaje. Aliniangalia, akaangalia nyuma yangu kama niko na mtu, kisha akaweka kisu chini.

"Amekutuma?"

Nikasema hapana. Nikasema ndiyo. Nikakaa chini kwenye udongo.

Alinionyesha barua zote sita. Zilikuwa fupi, zimeandikwa kama na jirani. Najua unachokifanya. Tunamsikia mkeo usiku. Ukimgusa tena, mkuu wa shule na bodi yote watajua. Hakukuwa na tusi hata moja. Aliniambia kwamba kabla ya hapo alimwandikia kwa jina lake, mara mbili, akimwomba waende kwa mchungaji, na kwamba Lugano alimsomea namba yake ya mapigo kwa sauti, mezani, akicheka kidogo.

"Nikiandika kwa jina langu anasoma moyo kwanza, wifi," alisema. "Akiona naogopa, anajua ameshinda. Nilitaka mara moja tu asome maneno."

Tangu barua ya kwanza hajamgusa. Wiki tano. Lugano alikuwa anafunga madirisha mapema, anawasalimia majirani kwa unyenyekevu, akijaribu kumtambua ni yupi. Bupe alisimulia hayo bila kulia, akiokota vikonyo vilivyoanguka. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa kelele, mpaka wenzake wakageuka, na haikunisaidia. Nilimpenda Lugano pale pale nilipokuwa nalia. Hilo ndilo lililonitia wazimu: mtoto niliyembeba na vidole vile viwili vilikaa kichwani mwangu pamoja, na hakuna kilichokubali kumpisha mwenzake.

Nilimwambia aondoke siku ile ile, aje kwangu. Alikataa. Alisema akiondoka ghafla, Lugano atajua mwandishi ni nani, na mama yake Bupe anaishi nyumba ya uani kwao, mgonjwa, hawezi kubebwa kama furushi. Alitaka kitu kimoja tu, Alhamisi ijayo na Alhamisi nyingine baada yake, mpaka apate mahali pa kumweka mama. Nilimweleza kuhusu kura ya kesho, akaniuliza kama kitufe kitakuwapo.

Ijumaa saa mbili tulikaa kwa kura. Ambokile alieleza upande wake kwa haki kabisa, bila kunichokoza, na hilo liliniudhi zaidi. Zamu yangu ilipofika sikutetea chochote. Niliwaambia kwamba jana sikumwaga trei. Niliwaambia kwamba nilifanya makusudi, nikatazama waya, nikamwona mtu niliyemtafuta na mtu mwingine ambaye hakunikosea lolote, aliyemwandikia mkaguzi wa migodi na huenda maisha yake yako kwenye barua hiyo. Sikumtaja Bupe.

"Basi wewe umenipigia kura," Ambokile alisema hatimaye. "Njia inayofunguliwa na mlezi wake si njia."

"Haikufunguka kwa sababu ni mbaya," nilisema. "Ilifunguka kwa sababu watu wamebaki wawili na blanketi nalishika mimi peke yangu. Kuna mtu mmoja, Ambokile, hajaguswa wiki tano kwa sababu ya kitufe kile. Sitakwambia ni nani. Ukikikata, nitajua siku atakayoguswa, na wewe utakuwa hujui. Ni hilo tu."

Kura zilikuwa mbili kwa mbili. Mimi sikupiga, sikustahili. Na hata kama ningepiga, sikuwa mlezi tena. Mtu aliyefanya nililofanya hawezi kupewa trei, na kipande kisicho na mlezi kinakatwa. Kila mtu aliangalia meza. Waliopiga kura ya kukitunza ni vijana wenye vipande vinavyowaelemea tayari, na hakuna aliyenyoosha mkono. Nilihesabu mpaka kumi na nne.

Ambokile alivuta kiti chake, akasema atakichukua yeye. Tulimwangalia. Alisema, kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu, kwamba bado hakipendi, kwamba Julai tutapoteza nusu ya watu na pengine zaidi, na kwamba hilo litakuwa juu yake. Lakini asiyeipenda njia hana sababu ya kuchungulia anayepita. Kuanzia leo kila mtu atamwaga trei yake mwenyewe, na mimi nitaandika barua arobaini badala ya ishirini. Sikujua kama nicheke. Nilikwenda mezani kwangu nikaziandika zote arobaini bila kuinua kichwa, na mwenye nyumba wangu hakutajwa hata mara moja.

Ilibaki ahadi yangu kwa Lugano. Saa sita alishaandika mara mbili kuuliza.

Nikimwambia sikumpata, barua itakwenda na mapigo yangu, naye amesoma moyo wangu kuliko mtu yeyote. Nikinyamaza, atajiuliza namficha nani, na watu ninaoweza kuwaficha duniani ni wachache. Nikimtumia bila jina atacheka. Nikimpigia simu atasikia pumzi. Niliandika na kufuta mara nyingi, nikasimama, nikakaa, nikanywa maji ambayo sikuyataka. Kisha nikagundua kwamba Muhuri unasema moyo unakwenda mbio, hausemi unakimbia nini. Aibu yangu ilikuwa ya kweli. Woga wangu ulikuwa wa kweli. Kilichohitajika ni kuvipa kazi nyingine.

Nikaweka kidole kwenye kioo, nikaandika: "Lugano, barua zote niliandika mimi. Nilisikia unayomfanyia Bupe, nikakosa ujasiri wa kukwambia kwa jina langu. Sasa nimekwambia. Ukimgusa tena nitakwenda kwa bodi na uso wangu wazi. Dada yako."

Mapigo mia na ishirini na sita. Mstari wa kijani ulikuwa umechafuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilituma kabla sijatulia, kwa sababu nilihitaji nisitulie, na ilipoondoka nilihisi nimemfungua mtoto mgongoni kwangu na kumwacha barabarani. Angenichukia, sawa. Lakini sasa angekuwa na mtu mmoja anayejua, mwenye jina, asiyeishi nyumbani kwake, ambaye hawezi kumvunja vidole.

Jibu lilichukua dakika kumi na moja.

"Asante kwa kusema ukweli, dada. Najua ulifanya kwa upendo na nimekusamehe kabisa. Ila mtu wa nje hawezi kujua ya chumbani asipoambiwa. Leo nitaruhusiwa mapema, nitampitia Bupe kazini tuzungumze taratibu."

Niliisoma nikitafuta hasira, kwa sababu hasira ningejua la kuifanya. Kisha nikaangalia juu, mahali tunapoangalia sote kwanza na ambapo mimi, kwa haraka, sikuwa nimeangalia. Mstari wake ulikuwa umenyooka, safi, bila tetemeko hata moja. Mapigo hamsini na nane, ya mtu aliyekwisha kuamua.

Nikamwita Ambokile, nikamwambia anipe gari na asiniulize, na njiani kuelekea Uyole nilikuwa nampigia Bupe na simu yake haipokelewi.